Kibera Ndani ya Nukta

Tarehe 24 Desemba 1968, mkesha wa Krismasi, saa moja na dakika 39 usiku kwa saa za Nairobi, Wamarekani watatu walikuwa wakiuzunguka mwezi ndani ya chombo cha Apollo 8. Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders walikuwa wamepewa kazi ya kuupiga mwezi picha, ili wenzao watakaowafuata wajue pa kutua. Chombo kilipogeuka kidogo, Anders akaona duara la samawati na nyeupe likichomoza juu ya ardhi ya kijivu iliyojaa mashimo. Akaomba filamu ya rangi kwa haraka, akapiga. Lile duara lilikuwa dunia.

Baadaye Anders alisema kwamba walisafiri mbali kote huko kuutafuta mwezi, na kilichowagusa zaidi ni kuiona dunia. Hayo yamesimuliwa sana. Lisilosimuliwa ni mahali tulipokuwa sisi. Dakika ile mstari wa machweo ulikuwa ukikata katikati ya bara la Afrika, magharibi yetu. Afrika Mashariki ilikuwa imeuelekea mwezi, ila jua lilikuwa limeshatuchwea. Kwa hiyo Kibera, mtaa wa Nairobi, imo katika picha ile, na Kawangware, mtaa mwingine wa jiji hilo, imo. Zimo upande wa giza, upande ambao kamera haikuambulia kitu.

Kibera ya mwaka huo ilikuwa imepita miaka sitini. Askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, waliruhusiwa kukaa pale tangu 1904. Wakapaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Eneo walilotengewa lilikuwa ekari 4,197. Hati ya kumiliki hawakupewa. Serikali ya uhuru nayo ikaihesabu ardhi ile kuwa mali yake, na waliojenga juu yake kuwa watu waliokaa bila ruhusa. Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakamba na wengineo waliofika Nairobi kutafuta kibarua walipanga vyumba humo, wakazaa humo, wakaongeza mabati juu ya mabati. Mji ukakua kando ya reli bila kuchorwa, kwa kuwa ofisi isiyokubali kwamba upo haina sababu ya kukuchora.

Kawangware ina asili nyingine, na inafaa kulisema hili maana watu wa mbali huzichanganya. Palikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, nje ya mipaka ya mji, hadi Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Ndege amekaa ndani ya jina lenyewe: ngware kwa Kikuyu ndiye kwale. Wenye mashamba waligundua kwamba safu ya vyumba vya mbao na mabati inalipa kuliko mahindi, wakajenga, wakapangisha. Kibera tatizo lilikuwa hati. Kawangware hati ipo, kwa mwenye nyumba. Mpangaji ana risiti ya kodi, akibahatika.

Miaka miwili baada ya picha ya Anders, anga za juu zilikuja Kenya zenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, taifa likiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, matunda ya kazi ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu mbili. Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huliepuka eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya kusini, ambalo lingevisumbua vyombo vyake.

Kiongozi wa mradi alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa setilaiti ya NASA. Kwa heshima ya wenyeji wao na ya siku ile, setilaiti ikapewa jina la Uhuru.

Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 141 hivi, na kazi yake ilikuwa kutafuta mnururisho wa eksirei unaotoka angani, ule ule unaotumika hospitalini kutazama mfupa uliovunjika. Hewa huumeza mnururisho huo wote usifike chini, kwa hiyo aliyetaka kuuona alilazimika kupanda juu ya hewa. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo pekee. Hadi iliponyamaza mwezi Machi 1973 ilikuwa imekusanya habari zilizotoa orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilitetemeka kwa haraka kiasi kwamba wanasayansi walianza kukubali kwamba pale pana shimo jeusi, kitu chenye mvuto ambao hata nuru haiponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Naliandika hili kwa fahari na kwa uchungu pamoja. Neno la Kiswahili limo katika kila kitabu cha elimu ya nyota kinachoeleza jinsi mashimo meusi yalivyojulikana. Na siku neno hilo liliporushwa mbinguni kutoka Ngomeni, wajukuu wa askari wa Kibra walikuwa bado wanalisubiri ardhini. Walisubiri hadi Juni 2017, walipokabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Linganisha na zile 4,197.

Tarehe 7 Desemba 1972 ilikuwa zamu yetu ya kuonekana. Wanaanga wa Apollo 17, wakiwa safarini kwenda mwezini, umbali wa kilomita kama 29,000, waligeuza kamera wakaipiga dunia picha ikiwa imeangazwa yote. Nairobi ilikuwa saa saba na dakika 39 mchana. Bara linaloonekana ni Afrika, kuanzia pwani ya Mediterania hadi Rasi ya Tumaini Jema, na Kenya imo sehemu ya juu, kwenye mwanga. Huenda hiyo ndiyo picha iliyochapishwa kuliko zote ulimwenguni, na sisi tumo humo.

Ila kutoka umbali ule mtu haonekani, hata mji hauonekani. Julai ya mwaka huo huo Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza ya jamii iliyokuja kuitwa Landsat, kazi yake kuikagua ardhi safari baada ya safari. Picha za namna hii zimeshonwa kwa nukta, kama mkeka ulivyoshonwa kwa kili. Nukta ya Landsat ya kwanza ilifunika mita kama 80 kila upande. Kuanzia 1982 ikafika mita 30. Sasa chukua chumba cha kawaida cha Kibera, futi 12 kwa futi 12. Katika nukta moja ya mita 30 vinaingia vyumba zaidi ya 60, ukivibana bila kichochoro. Kila chumba kina kitanda kilichozibwa kwa pazia, jiko la mafuta, mama, mtoto anayefanya hesabu sakafuni. Setilaiti huvijumlisha vyote pamoja na matope na mabati, ikatoa rangi moja.

Nilipozitazama picha hizo kwa mara ya kwanza niliumia kidogo. Kisha nikakumbuka habari ya Voyager 1. Tarehe 14 Februari 1990, kwa kuhimizwa na mwanasayansi Carl Sagan, chombo hicho kikiwa kilomita bilioni sita kutoka hapa kiligeuzwa kitazame nyuma. Dunia nzima, yenye Washington na Moscow na bahari zote, haikutosha hata nukta moja ya picha. Siku hiyo binadamu wote walionekana kama watu wa Kibera walivyozoea kuonekana: wamoja ndani ya kidoa, bila majina, bila nyumba ya mkubwa wala ya mdogo. Sagan alitumia miaka iliyobaki ya maisha yake kueleza uzito wa jambo hilo. Mtu wa Gatwekera, kijiji cha Kibera, angeelewa mapema kuliko wengi.

Mabadiliko makubwa yalikuja kimya kimya. Marekani ilikuwa imeweka angani mtandao wa setilaiti za GPS, si chini ya 24, kilomita 20,200 juu yetu. Kila moja hubeba saa ya atomiki na kutangaza wakati wake bila kukoma. Kifaa mkononi kikisikia setilaiti nne, kikapima ujumbe wa kila moja ulichelewa kiasi gani, hupata mahali kilipo. Saa hizo zikiwa juu hukimbia mbele ya za ardhini kwa sekunde 38 zilizogawanywa kwa milioni moja, kila siku, kama Einstein alivyokuwa ameeleza. Zisingerekebishwa, kosa lingekuwa la kilomita kama 10 kwa siku, na Kibera ingehamia Ngong kabla ya siku ya pili kwisha.

Lakini kwa miaka mingi ujumbe waliopokea raia ulivurugwa makusudi kwa sababu za kijeshi, hata mtu akakosea mahali kwa mita kama 100. Kwenye shamba la ngano mita 100 si neno. Kibera, mita 100 ni majirani mia kadhaa, mto wenye taka na upande wa pili wa reli. Tarehe 2 Mei 2000 uvurugaji ulikomeshwa. Kosa likashuka hadi mita kama kumi au pungufu. Sidhani kama kuna aliyelisherehekea jambo hilo Laini Saba, kijiji kingine cha Kibera, asubuhi ile, na hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Aliyeingia kwanza kwa mlango wa anga alikuwa msanii. Ilikuwa Januari 2009, mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi zilizoichoma Kibera na kung'oa reli yake. Mpiga picha Mfaransa ajulikanaye kwa jina la JR, pamoja na wakazi, alitandaza juu ya mapaa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo, mita za mraba 2,000. Karatasi zilikuwa za aina isiyopitisha maji, kwa hiyo zilizuia mvua pia. Wengi wa wanawake hao walilala chini ya uso wao wenyewe. Mabehewa ya treni yalibandikwa macho, na mteremko wa chini ya reli ukabandikwa sehemu ya chini ya uso, hivi kwamba treni ikipita, kwa sekunde chache uso unakamilika. Kibera iliyotazamwa kutoka juu miaka yote sasa ilikuwa inatazama juu. Mimi huihesabu kazi hiyo katika historia ya anga za juu, hata kama mwenyewe hakuiita hivyo.

Agosti ya mwaka huo ikaja sensa. Dunia ilikuwa imezoea kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja. Viongozi wa nje walilisema, mashirika yaliliandika kwenye maombi ya fedha. Sensa ilihesabu 170,070. Kelele zikawa nyingi, na si bila sababu, kwani watu walioishi kwa kusahauliwa wana haki ya kushuku idadi inayowapunguza. Lakini watafiti waliopita mlango kwa mlango katika kijiji cha Kianda walikuta watu 15,219, wakakadiria kwamba Kibera yote ina kati ya 235,000 na 270,000. Wengine walioziunganisha picha za setilaiti na hesabu ya ardhini walipata kama 200,000. Hesabu hazikukubaliana, ila zote ziliiacha mbali ile milioni. Kwa maoni yangu ilikuwa nafuu kubwa. Ile milioni haikuwa na sura. Watu 15,219 wa Kianda waligongewa mlango, wakaulizwa, wakajibu.

Halafu, mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2009, likatokea jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike. Wamarekani wawili, Erica Hagen na Mikel Maron, walifika na wazo la kuichora Kibera katika OpenStreetMap, ramani huru ya dunia iliyoanzishwa 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Ramani nyingi wakati huo ziliiacha Kibera kama pengo kati ya Barabara ya Ngong na bwawa la Nairobi. Kazi walipewa vijana 13 wa Kibera yenyewe. Wengi wao kompyuta ilikuwa ngeni kwao. Walifundishwa kushika kifaa cha GPS, kukifuatilia kichochoro hadi mwisho, kuandika jina la kila kituo, kisha kurudi jioni na kuziweka alama kwenye skrini juu ya picha ya setilaiti.

Fikiria kazi yenyewe ilivyokuwa. Kichochoro ni mita moja na nusu, mabati pande zote mbili, na ujumbe wa setilaiti hugonga bati ukarudi ukikudanganya. Ukisimama na kifaa kigeni mkononi, wenye nyumba wanatoka kuuliza: nani amekutuma, mnataka kubomoa? Swali hilo lina historia, kwani Kibera aliyekuja kupima kwa kawaida alifuatwa na tingatinga. Mgeni asingeweza kulijibu. Kijana wa pale aliweza, kwa sababu muulizaji alimjua mama yake. Ndani ya wiki chache ikajitokeza ramani ya vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule, makanisa na misikiti, na majina ya vijiji yakasomeka humo: Makina, Lindi, Silanga, Mashimoni, Kisumu Ndogo, Soweto. Mradi ukaitwa Map Kibera, na baadaye ukafika Mathare.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba setilaiti na mguu vilihitajiana. Picha ya juu iliona paa na njia, ila haikujua kwamba paa lile ni shule na hili ni zahanati. Mguu ulijua, lakini mguu peke yake usingeona umbo la mji mzima. Baadaye wasichana wa Kibera walikaa na karatasi laini juu ya ramani, wakatia alama njia wanazoziogopa usiku. Hakuna kamera iliyo angani inayoijua hofu ya msichana kwenye kona fulani. Ramani zikachapishwa na nyingine zikachorwa kwa rangi kwenye kuta za mitaa, na watu walisimama mbele yake wakiitafuta nyumba yao kwa kidole. Kile alichokifanya Anders mwezini mwaka 1968, kugeuka na kukuta kwao, walikuwa wakikifanya ukutani.

Kenya yenyewe imeendelea kupanda juu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Sapienza cha Roma, kilitengeneza setilaiti ndogo ya mchemraba wa sentimita 10, na tarehe 11 Mei 2018 ikaachiliwa angani kutoka chumba cha Wajapani cha kituo cha kimataifa cha anga za juu. Chumba hicho kinaitwa Kibo, tumaini kwa Kijapani; kwetu Kibo ni kilele cha Kilimanjaro. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ya kuchunguza ardhi na mazao. Nazifurahia zote mbili.

Lakini nataka kumalizia Kawangware, ambayo bado haijapata umaarufu wa Kibera na ambako usiku una somo lake. Panda matatu ya 46 kutoka mjini. Baada ya bustani na miti ya Lavington, ghafla barabara inabana, moshi wa nyama choma unaingia dirishani, spika za maduka zinashindana. Picha ya setilaiti huuonyesha mpaka huo waziwazi: kijani, kisha kahawia na mng'aro wa mabati. Usiku taa ndefu, zile tunazoziita mulika mwizi, humwaga mwanga wa rangi ya chungwa, na nyota zinabaki kumi au kumi na tano.

Halafu stima inapotea. Watu hulalamika, na wana haki, maana biashara inasimama. Ila toka nje uinue macho. Nairobi iko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Mtoto wa London hawezi kuuona kwao Msalaba wa Kusini, na mtoto wa Sydney hamwoni Dubu Mkubwa mzima. Mtoto wa Kawangware, katika mwaka mmoja, anga karibu yote ya nyota hupita juu ya bati la kwao. Kilimia kipo pale, kile kikundi cha nyota ambacho wazee walikitumia kupanga msimu wa kulima hadi jina lake likatokana na kazi hiyo. Zuhura ipo, na Mshtarii na Zohali. Mtaalamu wa nyota wa hapa kwetu, Susan Murabana, pamoja na mumewe Daniel Chu Owen, kwa miaka kadhaa wamekuwa wakibeba darubini kubwa kwa gari kutoka shule hadi shule, kwa sababu wanaamini mtoto akiiona pete ya Zohali kwa jicho lake hasahau. Naamini hivyo pia.

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa huko Turkana, na Nairobi likamegwa jioni. Wengi mitaani hawakupata kifaa salama cha kulitazama, wakaligeuzia mgongo au wakahatarisha macho. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena. Njia ya giza kamili itapita Misri, Uarabuni na ncha ya Somalia, na Nairobi mwezi utalifunika kwa sehemu, mchana. Walimu wa Kibera na Kawangware, mna muda wa kujiandaa. Tafuteni miwani maalumu ya kutazamia jua, au mtoboe tundu dogo kwenye kadi na kuacha picha ya jua ianguke kwenye karatasi nyeupe. Wapelekeni watoto uwanjani, na msimruhusu hata mmoja kulitazama jua kwa macho matupu.